Nimo kwenye neurolojia, moyo uko kwenye picha za ubongo: nihame au nimalize?

"Daktari, shikamoo. Niko mwaka wa pili wa ubingwa wa neurolojia. Kila nikimaliza raundi ya wodi najikuta nimerudi chumba cha radiolojia kutazama MRI za wagonjwa wangu, na kusema kweli hapo ndipo ninapoifurahia kazi kuliko mahali pengine popote. Natamani siku moja niwe mimi ninayeandika ripoti za picha za ubongo. Wenzangu wananiambia nimechelewa, kwamba anayetaka picha lazima aanze radiolojia tangu mwanzo, na miaka yangu miwili imekwenda bure. Mwingine kaniambia nimalize tu neurolojia kisha nifanye kozi fupi, nitaruhusiwa kusoma picha. Wa tatu anasema akili mnemba itaimaliza kazi hiyo kabla sijafika. Nimechoka, silali vizuri. Je, kuna njia ya kutoka fani moja kwenda nyingine bila kuanza upya? Na nimwambieje mkuu wangu wa mafunzo?"

Marahaba, daktari mwenzangu. Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza niliona swali la vyeti na miaka. Mara ya pili nikamwona mtu aliyechoka, anayeogopa kwamba amepotea njia. Nitajibu yote mawili. Nianze na hilo la miaka miwili kwenda bure, kwa sababu si kweli, na ukiendelea kuliamini utaamua kwa hofu.

Mpaka unaouona leo kati ya neurolojia, yaani tiba ya magonjwa ya ubongo na neva, na radiolojia, yaani usomaji wa picha za mwili, ulichorwa baadaye sana. Walter Dandy, ambaye mwaka 1918 alieleza namna ya kuingiza hewa kwenye ventrikali, vile vyumba vya maji ndani ya ubongo, ili zionekane kwa eksirei, alikuwa daktari wa upasuaji wa ubongo. Egas Moniz, aliyetoa picha za kwanza za mishipa ya damu ya ubongo wa mtu aliye hai, Lisbon, mwaka 1927, alikuwa daktari wa neurolojia kama wewe. William Oldendorf wa Los Angeles, naye wa neurolojia, alichapisha mwaka 1961 jaribio lake la kuona ndani ya kitu kwa miale inayokizunguka. Hiyo ni miaka 10 kabla ya mashine ya Godfrey Hounsfield kumpiga CT mgonjwa wa kwanza, tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Hounsfield mwenyewe alikuwa mhandisi, na mwanaradiolojia aliyesimama naye siku ile ni James Ambrose. Kwa hiyo anayekuambia kwamba mtu wa neurolojia hana asili kwenye picha za ubongo hajui picha hizo zilitoka wapi.

Hata hivyo, asili ni jambo moja na ruhusa ya kusaini ripoti ni jambo jingine. Hapo ndipo wenzako wanapochanganya mambo, kila mmoja akishika kipande chake cha ukweli.

Tuseme umeletewa MRI ya kichwa ya mgonjwa aliyelegea mkono wa kulia ghafla. Wewe unaifungua ukiwa tayari na swali: kuna kiharusi upande wa kushoto? Unakwenda moja kwa moja kwenye DWI, zile picha za MRI zinazofuata mwendo wa maji, unaona eneo linalong'aa, unatazama ramani ya ADC, inayotoa kipimo cha mwendo huo wenyewe, unaona limekuwa jeusi, basi umepata jibu. Umefanya vizuri, na pengine umefanya haraka kuliko mwanaradiolojia, kwa sababu wewe umemshika mgonjwa mkono na unajua pa kutazama. Lakini picha hiyo hiyo imebeba macho, sinasi (matundu ya hewa ya usoni), sikio la ndani, mifupa ya fuvu, tezi ya pituitari, tezi za mate, na mikato ya chini inafika shingoni. Anayesaini ripoti amesaini vyote hivyo. Kama kuna uvimbe kwenye koo nyuma ya pua na hakuuandika, hawezi kujitetea kwamba aliulizwa habari za mkono.

Hili lilinipata mwenyewe. Katika mwaka wangu wa kwanza wa radiolojia nilisoma MRI ya mtu mzima mwenye kifafa kilichoanza karibuni. Nikakuta kovu kwenye sehemu ya ubongo iliyo upande wa panja, nikafurahi, nikaandika ripoti nzuri yenye maelezo marefu ya hilo kovu. Mwalimu wangu aliketi kando yangu, akazishusha picha taratibu hadi mikato mitatu ya mwisho, akanyamaza. Kulikuwa na tezi kubwa shingoni ambayo hata mwanafunzi wa udaktari angeiona angetazama. Sikutazama, kwa sababu nilikuwa nimeshapata nilichotafuta. Mgonjwa alipelekwa kuchukuliwa kipande cha tezi kipimwe siku ile ile, na mimi nikajifunza kwamba macho yakishiba huacha kutafuta.

Na si wageni tu. Mwaka 2013 watafiti waliwapa wanaradiolojia 24 CT za mapafu watafute vinundu, na ndani ya picha hizo wakaweka mchoro wa sokwe, mkubwa mara nyingi kuliko kinundu cha kawaida. Wanaradiolojia 20 kati ya 24 hawakumwona. Walikuwa watu wazoefu. Jicho huona kile ambacho akili imelituma kukitafuta. Sehemu kubwa ya miaka ya radiolojia ni kulifundisha jicho lipite kila mahali kwa mpangilio ule ule, hata baada ya kupata, hata saa tisa ya usiku, hata picha ikiwa ya sitini siku hiyo. Hiyo haifundishwi kwa kozi fupi, na hapo rafiki yako wa pili amekudanganya bila kukusudia.

Kuna na fizikia. DWI inapima jinsi maji yanavyotembea ndani ya tishu. Seli ikikosa damu, pampu zake za chumvi husimama, maji huingia ndani ya seli na kukosa pa kwenda, na eneo hilo linang'aa. Lakini picha ya DWI imejengwa juu ya T2, yaani muda ambao ishara ya MRI huchukua kufifia ndani ya tishu, kwa hiyo kitu chochote ambacho T2 yake ni ndefu kinaweza kung'aa humo bila kuwa kiharusi kipya. Ndiyo maana tunatazama ADC. Hadi hapo najua unajua. Sasa ongeza kwamba usaha mzito wa jipu la ubongo nao hung'aa kwenye DWI na kuwa mweusi kwenye ADC. Limfoma, kwa jinsi seli zake zilivyosongamana, inaweza kufanya vivyo hivyo. Na kiharusi chenyewe, baada ya wiki moja au mbili hivi, ADC yake hurudi kufanana na ya kawaida huku DWI ikiwa bado inang'aa. Ukijua njia moja ya mkato utafika mara nyingi. Siku njia ikifungwa, atakayefika ni yule anayejua ramani nzima.

Nimeyasema haya si kwa kukutisha. Nimeyasema kwa sababu swali lako, kama ulivyoliuliza, ni la vyeti: naweza kuhama? Swali lililo chini yake ni jingine. Kupenda picha hakutoshi kuamua, kwa maana madaktari wa neurolojia, wa upasuaji wa ubongo, wa radiolojia, wa tiba ya nyuklia na hata baadhi ya wa magonjwa ya akili wote wanapenda picha za ubongo na wote wanazitumia. Kinachowatenganisha ni kile wanachowajibika nacho. Mwanaradiolojia anawajibika kwa picha nzima ya mgonjwa ambaye huenda hatamwona kamwe. Daktari wa neurolojia anawajibika kwa mgonjwa mzima, picha ikiwa shahidi mmoja kati ya mashahidi wengi. Jiulize, usiku unaporudi nyumbani, unaumizwa na kipi: kutojua kilichokuwa kwenye ile picha, au kutojua yule mgonjwa aliishia wapi? Jibu hilo litakuelekeza njia kuliko mtaala wowote.

Sasa njia zenyewe.

Ya kwanza ni kubaki, umalize ubingwa wa neurolojia, kisha uchukue ubobezi wa picha za ubongo ukiwa bado daktari wa neurolojia. Marekani ubobezi huu upo rasmi: baraza liitwalo United Council for Neurologic Subspecialties linatambua mafunzo ya picha za ubongo kwa watu waliotoka neurolojia na fani za jirani, na lina mtihani wake. Ujerumani kuna kitu kinachofanana nacho kwa roho: daktari wa fani nyingine anaweza kupata cheti cha nyongeza cha MRI, lakini kwa viungo vya fani yake tu. Njia hii haikurudishi mwaka wa kwanza, na inatoa madaktari wazuri sana. Ila sikiliza vizuri: cheti hicho si sawa na cheti cha ubobezi wa radiolojia ya ubongo kinachotolewa na bodi ya radiolojia ya Marekani, ambacho lazima uwe mwanaradiolojia kwanza. Kama hospitali itakubali usaini ripoti za MRI, na kama mlipaji wa bima atailipia ripoti hiyo, ni uamuzi wao. Nimewaona waliomaliza mafunzo haya wakisoma picha kila siku, na nimewaona wengine ambao ujuzi wao unabaki kliniki, wakizisoma picha za wagonjwa wao wenyewe kwa ufasaha huku ripoti rasmi ikiandikwa na mwingine. Hayo ya pili si maisha mabaya. Lakini usiyaingie ukidhani ni yale ya kwanza.

Tena ufasaha huo wa kliniki thamani yake inapanda. Tazama dawa mpya za ugonjwa wa Alzheimer zinazoondoa amiloidi, protini inayojikusanya kwenye ubongo, lecanemab iliyopata idhini kamili Marekani mwaka 2023 na donanemab mwaka 2024. Zinaweza kusababisha ubongo kuvimba au kuvuja damu kidogo kidogo, mara nyingi bila dalili yoyote, kwa hiyo mgonjwa hupigwa MRI kabla ya kuanza na tena katika miezi ya mwanzo ya matibabu. Kuendelea na dawa au kuisimamisha kunategemea unachokiona kwenye FLAIR, aina ya picha ya MRI inayoonyesha uvimbe huo, na kwenye picha zinazoonyesha chembe za damu. Daktari wa neurolojia anayeweza kuifungua MRI hiyo mgonjwa akiwa ameketi mbele yake, akaelewa ripoti inasema nini na haisemi nini, huyo ni hazina.

Kuna na mlango mmoja ambao watu wa neurolojia huupita bila kuuona, nao ni ultrasaundi. Rune Aaslid alionyesha mwaka 1982 kwamba mawimbi ya sauti yanaweza kupita mfupa mwembamba wa panja na kupima kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo. Hapa kifaa chenyewe kiko mkononi mwa daktari wa neurolojia, na hakuna anayemwuliza amefuata nini. Wala si jambo dogo. Utafiti uitwao STOP, uliochapishwa mwaka 1998 na kuongozwa na daktari wa neurolojia, uliwapima watoto wenye selimundu; wale ambao kasi ya damu ilifika sentimita 200 kwa sekunde au zaidi na wakaongezewa damu mara kwa mara, hatari yao ya kupata kiharusi cha kwanza ilishuka kwa asilimia 92. Kipimo kisicho na mnururisho wala sindano, kinachofanyika kando ya kitanda. Kama mapenzi yako ni kuona ubongo unavyofanya kazi kwa mtu aliye hai, fikiria hili kabla hujalidharau.

Njia ya pili ni kuhama kabisa. Ukweli wake ni huu: mara nyingi utaanza mwaka wa kwanza wa radiolojia. Marekani, radiolojia ya utambuzi ni miaka 4 baada ya mwaka mmoja wa kazi ya wodini, kisha radiolojia ya ubongo mwaka mmoja juu yake. Ule mwaka wa wodini uliokwisha kuufanya kwa kawaida hukubalika. Miaka ya neurolojia yenyewe kwa kawaida haihesabiwi. Uingereza, radiolojia ni miaka 5, na anayetaka ubongo huelekea huko katika miaka ya mwisho akiwa bado ndani ya mafunzo hayo. Huhitaji kuwa na ubingwa mwingine kwanza. Mtaala wa Ulaya nao ni miaka 5, mitatu ya radiolojia yote na miwili ya kuelekea unakotaka, na wanaoendelea na ubongo wana diploma yao ya Ulaya ya kutahiniwa. Popote ulipo, hesabu yako haitakuwa mbali na hizo.

Kuna kizingiti kingine ambacho watu hawakitaji, nacho si cha kitaaluma. Marekani, fedha ambazo serikali huipa hospitali kwa ajili ya kumfundisha daktari hupangwa kwa idadi ya miaka ya fani aliyoanza nayo. Akihama na kuipita miaka hiyo, sehemu ya fedha inayohusu mafunzo ya moja kwa moja hupungua hadi nusu. Mkuu wa idara anaweza kukupenda na bado akasita, na wewe ukadhani amekukataa kwa sababu hufai. Nchi nyingine zina mambo yao: mkataba wa mfadhili, nafasi iliyopangwa kwa jina, sharti la kurudi kazini kwa mwajiri. Uliza habari ya fedha mapema na kwa uwazi. Kuuliza si utovu wa adabu.

Kama utahama, utakachokwenda nacho hakiandikwi kwenye cheti lakini kipo. Unajua kifafa kinaanzaje. Unajua tofauti ya anayedondoka miguu ikilegea na anayedondoka akili ikipotea. Ukisoma picha ya mgonjwa mwenye udhaifu wa miguu yote miwili, utauliza kama kuna mstari wa ganzi kifuani, na ukijibiwa ndiyo utatazama uti wa mgongo hata kama walioagiza wameomba kichwa peke yake. Wanaradiolojia wa ubongo waliopitia wodini nawatambua kwa ripoti zao: zinamjibu aliyeuliza. Kwa hiyo miaka miwili ile haitapungua kwenye kalenda, ila itaonekana kila siku ya kazi yako.

Njia ya tatu ni tiba ndani ya mishipa ya damu ya ubongo. Unaingia kwa mrija mwembamba kutoka kwenye paja au kifundo cha mkono hadi kichwani, unavuta damu iliyoganda, au unaziba uvimbe wa mshipa usipasuke. Hii ndiyo sehemu ambayo mipaka imelainika kuliko zote: wanaingia watu wa radiolojia, wa upasuaji wa ubongo na wa neurolojia, na wote hukutana kwenye chumba kimoja. Iliyosukuma milango hiyo ni tafiti zilizotoka mwaka 2015, MR CLEAN ikitangulia, zilizoonyesha kwamba kuvuta bonge la damu kwenye mshipa mkubwa kunamwokoa mtu na ulemavu. Mwaka 2018 tafiti za DAWN na DEFUSE 3 zikaongeza kwamba hata baada ya saa 6, hadi 16 na kwa wengine hadi 24, picha zikionyesha kuna ubongo uliobaki wa kuokoa, bado inafaa. Anayetoka neurolojia Marekani kwa kawaida hupitia kwanza ubobezi wa kiharusi au wa wagonjwa mahututi wa ubongo, kisha mafunzo ya mishipa yenyewe. Ni safari ndefu. Imekadiriwa kwamba kwenye kiharusi cha mshipa mkubwa kisichotibiwa zinakufa chembe za neva milioni 1.9 kila dakika, na anayeitwa kuzuia hilo huitwa saa yoyote. Wewe unaniandikia kwamba hulali. Sitakushauri njia hii leo, si kwa sababu huiwezi, bali kwa sababu huwezi kujua kama unaitaka ukiwa katika hali hiyo.

Tiba ya nyuklia, inayopiga picha kwa kufuata dawa yenye mnururisho mwilini, nitaipitia haraka. Ni nzuri kama kinachokuvuta ni kemia ya ubongo kuliko umbo lake: sukari inatumika wapi, dopamini imepungua wapi, amiloidi imejikusanya wapi. Ila tiba ya nyuklia ni ya mwili mzima, na sehemu kubwa ya kazi yake ni saratani, mifupa, moyo na tezi ya shingo. Ubongo ni sehemu ndogo, isipokuwa kwenye vituo vikubwa vya utafiti.

Na utafiti wenyewe? Wengi wanaopenda fMRI, ile MRI inayoonyesha ubongo ukifanya kazi, hudhani kuna kazi ya hospitali ya kusoma fMRI na kusema nani ana sonona na nani hana. Hakuna. Tangu Seiji Ogawa na wenzake walipoeleza mwaka 1990 jinsi oksijeni ya damu inavyobadilisha picha ya MRI, tumejifunza mengi sana kuhusu ubongo wa makundi ya watu, lakini kwa mgonjwa mmoja mmoja fMRI hutumika zaidi kabla ya upasuaji, kuonyesha lugha na mwendo vimekaa wapi. Ukitaka utafiti, chukua shahada ya uzamivu na ujifunze takwimu barabara. Watafiti fulani waliwahi kumweka samaki aliyekufa ndani ya mashine ya fMRI, na kwa kutosahihisha hesabu zao wakapata "shughuli" kwenye ubongo wake. Waliyaonyesha matokeo hayo mwaka 2009 kwa makusudi, ili kuonya wenzao. Utafiti huu unaweza kuufanya ukiwa na ubingwa wowote. Lakini hautakupa haki ya kusaini ripoti.

Kuhusu akili mnemba. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wake, alisema hadharani kwamba watu waache kufundisha wanaradiolojia, maana ndani ya miaka mitano, pengine kumi, mashine zingewapita. Miaka hiyo mitano imepita zamani na bado tunafundisha, na picha zinazosubiri kusomwa hazijapungua. Programu zinazotambua mshipa mkubwa ulioziba zinaruhusiwa Marekani tangu 2018 na zinafanya kazi ya maana: zinamwamsha daktari mapema. Nazitegemea kama ninavyotegemea msaidizi makini. Lakini programu ya mshipa ulioziba inatafuta mshipa ulioziba, kama mimi nilivyotafuta kovu la kifafa. Ile tezi ya shingoni haikutumwa kuitafuta. Kazi itabadilika, hilo nina hakika nalo, na atakayeelewa picha pamoja na mgonjwa atakuwa na nafasi. Usiache fani unayoipenda kwa sababu hiyo, wala usiikimbilie kwa sababu hiyo.

Kabla hujaandika barua yoyote ya kuhama, fanya jaribio hili, na ulifanye kwa uaminifu. Omba wiki nne katika idara ya radiolojia, na uombe usikae kwenye ubongo peke yake. Kaa na eksirei za kifua. Kaa na ultrasaundi za tumbo, CT za ajali, mamografia (eksirei za matiti). Radiolojia ni hayo kwa miaka mitatu au minne kabla ubongo haujawa wako. Nimewaona waliohama kwa mapenzi ya ubongo wakagundua kwamba hawalivumilii tumbo, wakabaki wamekwama katikati ya fani mbili. Nimewaona pia waliogundua kwamba walichokuwa wanakipenda muda wote si ubongo bali ni kule kusoma, ule utulivu wa kutafuta, na mapafu yakawapa furaha ile ile. Hao walihama na sijasikia wakijuta.

Wakati huo huo, chukua daftari. Kila MRI ya mgonjwa wako, andika ripoti yako yote kabla hujafungua ya idara: fuvu, sinasi, macho, mishipa, ubongo, hadi mkato wa mwisho. Kisha linganisha. Fika picha 100. Usihesabu ulizopata, soma ulizokosa. Kama makosa yako mengi yako nje ya ubongo, unahitaji mafunzo ya radiolojia hasa ikiwa unataka kusaini. Kama yako ndani ya ubongo, unahitaji picha nyingi zaidi na mwalimu wa kukaa naye. Na kama katikati ya zoezi unajikuta unaacha kuandika ukarudi wodini kumwona mgonjwa, daftari limeshakujibu.

Sasa lile la kuchoka. Mwaka wa pili wa ubingwa wowote ni mzito, na chumba cha radiolojia, chenye giza na kimya, bila ndugu wa mgonjwa kukushika mkono wala simu ya wodi, kinaweza kuwa kimbilio tu. Sisemi kwako ni hivyo. Nasema huwezi kulijua ukiwa hulali. Kama usingizi umepotea kwa wiki kadhaa, kama chakula hakina ladha, kama umeanza kuona kila mgonjwa ni mzigo, nenda ukaonane na daktari ana kwa ana, asiwe mwenzako wa kazini, umweleze kama ambavyo ungemtaka mgonjwa akueleze wewe. Na kama mawazo yamefika mahali pa kutamani usiwepo, usisubiri wiki. Nenda leo, na mwambie mtu mmoja unayemwamini akusindikize. Uamuzi wa fani unaweza kungoja miezi mitatu bila kuharibika.

Mambo ya kanuni usiyamalize kwa kuniuliza mimi wala kwa kuuliza wenzako. Nenda baraza la madaktari la nchi yako, na bodi au chuo kinachotoa ubingwa wa radiolojia, upate majibu ya maandishi kwa maswali mawili: miaka yangu itahesabiwa mingapi, na nani anaruhusiwa kisheria kusaini ripoti ya MRI ya ubongo hapa. Kama unafikiria kusomea nje, uliza pia kama cheti cha huko kitatambuliwa utakaporudi. Hilo la mwisho limewaumiza wengi.

Mkuu wako wa mafunzo mwambie mwenyewe, ana kwa ana, kabla hajasikia kwa mtu wa tatu. Omba dakika ishirini, siku ambayo hukutoka zamu ya usiku. Usianze na neno kuhama. Mwambie umegundua kwamba picha ndiyo sehemu ya kazi inayokuvuta kuliko zote, na unaomba wiki nne za radiolojia ndani ya mwaka huu ili ujue kama ni mvuto wa kweli. Mpelekee lile daftari, hata kama limefika picha 30 tu. Wakuu wengi wamewahi kuona mwanafunzi akiondoka ghafla, na wanachoogopa ni nafasi kubaki wazi na zamu kukosa mtu. Ukimhakikishia kwamba hutaondoka katikati ya mwaka, utakuwa umeondoa nusu ya hofu yake. Akikataa, muulize ni lini ataweza kukubali, na umwombe akutajie mwanaradiolojia mmoja wa ubongo ambaye unaweza kukaa naye saa mbili kwa wiki baada ya kazi.